Alama ya Sita

Halmashauri ya Porto Vedral ilitenga fedha za nyayo tano,
rangi ya manjano, ile ya kuchorea barabara,
kila jozi pale ambapo mgeni akisimama
picha yake itatoka bila kubahatisha.
Kazi akapewa Breixo. Alikuja na ndoo
na buti zake kuukuu, amezikata soli ziwe kielezo.

Ya kwanza iko gatini,
mnara wa taa ukitua begani mwako kama kasuku.
Hapo foleni huanza kabla mkate haujaiva,
na Meya humwambia kila mtu kuwa ni wazo lake.

Ya pili, Mtaa wa Chumvi, chini ya roshani za vioo.
Usije saa sita, utafumba macho kwenye kila picha.
Ngoja mvua ikatike (mvua ya Galisia haiweki miadi,
lakini haikosi), ndipo nyumba zote
huinama kujitazama kwenye mawe ya njia.

Ya tatu ni ya msalaba wa mawe. Kuna upepo. Shika kofia.

Ya nne, ukingoni mwa genge, utawaona wabandua kome
wamefungana kamba viunoni, wanahesabu mawimbi:
sita madogo, la saba lina hasira.
Sabela huwapigia kelele wenye kamera huku juu,
"Nipigeni nikiwa na kapu limejaa!
Nikianguka, zimeni!"

Ya tano siisemi. Ni nzuri, ila imechoka kusifiwa.

Kisha ikaja ankara. Alama sita.
Mimi ndiye ninayehakiki ankara, miaka kumi na tisa sasa,
sijawahi kupitisha hata msumari wa ziada.
"Breixo, tulikubaliana tano."
"Ya sita ni ndogo," akasema. "Haikula rangi."
Akaendelea kusugua brashi yake kwa mafuta ya taa.

Nikaenda kuitafuta wakati wa chakula cha mchana.
Nyuma ya kiwanda cha dagaa wa makopo,
kile kilichofungwa, penye mapipa ya taka
na paka mmoja asiye na adabu.
Nyayo ndogo, kiatu namba ishirini na nane labda,
hazikuelekea baharini.
Bahari iko mgongoni, yote, na visiwa vyake.
Vidole vimeelekea ukuta.

Nikajaribu kusimama. Miguu yangu ikafurika.
Nikachuchumaa basi, na koti langu la ofisi,
hadi macho yakafika kimo cha mtoto.
Hapo nikauona: ndani ya ukuta umo mlango,
umezibwa kwa matofali mapya kuliko jirani zake,
kizingiti kimelika katikati
kwa kukanyagwa na wanawake mia mbili
waliotoka king'ora kilipolia, mikono ikinuka chumvi,
na kila mmoja akitafuta wa kwake kwenye kundi la watoto.

Dosinda, mama yake Breixo, alikuwa akitoka wa mwisho.
Hilo nalijua. Mama yangu alikuwa akitoka wa pili.

Jana nilipita tena, sina sababu ya kuandika.
Familia moja ya wageni, makoti mekundu ya mvua,
baba amelipa kisogo ukuta, anapiga picha visiwa,
anasogea, anapiga tena.
Binti yake kaziona nyayo. Kaweka kulia, kaweka kushoto.
Zimemtosha kama zimeshonwa.
Akatulia, mikono mfukoni, akiutazama ukuta
kama anayejua kuna mtu anakaribia kutoka.
Baba akamwita mara mbili. Akainua kidole:
ngoja kidogo.

Leo asubuhi nimeifungua ile ankara.
Alama: sita. Rangi: ya manjano.
Mahali: pa kupigia picha.
Nimegonga muhuri. Imehakikiwa, ilipwe.